Mteja Ambaye Angekuja Hata Bila Tangazo

Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ilifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawathubutu kulifanya: ilizima sehemu ya matangazo yake, ikakaa kutazama nini kitatokea. Kampuni hiyo ilikuwa ikilipa ili kila anayeandika jina lake kwenye mitambo ya utafutaji ya Yahoo na MSN akutane kwanza na tangazo la eBay, juu ya matokeo mengine yote. Kila aliyebofya tangazo hilo alihesabiwa kuwa mteja aliyeletwa na fedha za matangazo. Wachumi watatu, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, wakataka kujua watu hao wangekwenda wapi kama tangazo lisingekuwepo. Likaondolewa. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyokuwa ikipitia kwenye tangazo ikahamia kwenye kiungo cha kawaida, kile cha bure, kilichokuwa chini yake tu. Kampuni ilikuwa ikiwalipia watu waliokwisha kuamua kuja.

Kisa hiki kinauma, na kinastahili kuuma, kwa sababu eBay haikuwa biashara changa isiyojua hesabu. Ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na takwimu za kila mbofyo, na hesabu za kawaida zilionyesha kuwa matangazo hayo yanalipa vizuri mno. Tatizo lilikuwa kwenye swali lililoulizwa. Ripoti iliwahesabu waliopita kwenye tangazo kabla ya kununua, kisha ikachukulia kwamba kupita huko ndiko kulikowafanya wanunue. Ni sawa na mkulima anayemwagilia shamba wakati mvua inanyesha, halafu mavuno yakija anayaandika yote kwenye hesabu ya ndoo zake.

Nashikilia kwamba hapa ndipo fungu kubwa la fedha za masoko linapopotelea, katika kampuni kubwa na hata katika biashara ya mtu mmoja mwenye simu. Tumezoea kusema biashara ni matangazo, na tukishasema hivyo tunaanza kubishana kuhusu chombo: redio au mitandao ya kijamii, punguzo au zawadi, mabango au ujumbe mfupi. Kabla ya kufika huko kuna jambo la kuamuliwa kwanza: kati ya hawa walionunua, ni nani asingenunua kama tusingefanya lolote? Mkakati ambao hauna jibu la swali hilo unaweza kuonekana unafanya kazi miaka nenda miaka rudi bila kumleta mteja hata mmoja mpya.

Tazama jinsi ripoti zinavyotupotosha. Mikakati inayopata alama za juu ni ile inayomkuta mnunuzi akiwa amekaribia kulipa: tangazo linalomfuata mtu aliyeacha bidhaa kwenye kikapu cha mtandaoni, ujumbe kwa waliojiandikisha wenyewe, punguzo kwa mteja ambaye huja kila wiki. Mauzo yanaonekana mengi na gharama ndogo, kwa kuwa kazi ngumu ya kumfanya mtu aitake bidhaa ilishafanyika mahali pengine na mapema zaidi. Tangazo la redio lililompa jina la bidhaa miezi sita iliyopita halipati alama yoyote, maana hakuna anayebofya redio. Basi mwaka unaofuata bajeti ya redio inakatwa, fedha zinahamishiwa kwenye tangazo la kikapu, na kila mtu ofisini anaamini ameamua kwa kufuata takwimu.

Utafiti wa eBay una upande wa pili ambao watu husahau kuusimulia. Wachumi hao hawakuishia kwenye jina la kampuni. Walizima pia matangazo ya maneno ya kawaida, yale ambayo mtu anatafuta bidhaa bila kutaja duka, katika baadhi ya maeneo ya Marekani huku wakiyaacha katika maeneo mengine, wakalinganisha. Wateja wa mara kwa mara hawakubadilika hata kidogo. Waliokuwa wapya, au waliokuwa wakinunua kwa nadra, waliguswa na matangazo. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikitumika kwa kundi la kwanza, kwa hiyo kwa jumla matangazo yakawa hasara. Kwangu hii ndiyo habari yenyewe. Tangazo lilifanya kazi yake pale lilipompa mtu taarifa ambayo hakuwa nayo, na halikufanya kazi pale lilipomweleza anachokijua.

Airbnb, huduma ya mtandaoni ya kukodi malazi kwa wasafiri, iliupata ukweli wa aina hiyo bila kuutafuta. Mwaka 2020, safari zilipokatika duniani kote kwa sababu ya UVIKO-19, ilisimamisha karibu matangazo yote ya kulipia kwenye mitambo ya utafutaji. Baadaye uongozi wake ukaeleza kwamba idadi ya wanaotembelea tovuti ilirudi hadi asilimia 95 hivi ya ile ya kabla ya janga, bila fedha hizo. Kampuni ikaamua kutorudia matumizi ya zamani.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu nimeona hoja hizi zikitumiwa vibaya. eBay na Airbnb zilikuwa na majina yanayojulikana dunia nzima. Watu walizikumbuka bila kukumbushwa kwa kuwa miaka mingi ya kazi ilikuwa imetangulia. Biashara iliyofunguliwa mwezi uliopita ikizima matangazo yake haitapata asilimia 95 ya chochote, na mwenye biashara hiyo asijifariji na kisa cha eBay ili abane matumizi. Kwake yeye karibu kila mtu ni yule asiyemjua, na ndiyo maana tangazo lake lina thamani kubwa kuliko la kampuni iliyokwisha kujengeka. Ajabu ni kwamba wengi wenye biashara changa huiga desturi za kampuni kubwa na kuanza na mikakati ya kubakiza wateja wakati wateja wenyewe hawajafika hata mia.

Kuhusu nani hasa hununua, Andrew Ehrenberg, mtakwimu wa Uingereza, alitumia miongo kadhaa akichunguza rekodi za ununuzi wa kaya. Alichokuta kiliendana na mwelekeo ambao msomi wa Marekani William McPhee aliueleza mwaka 1963: chapa ndogo hupata pigo mara mbili. Ina wanunuzi wachache, na hao wachache hununua mara chache kidogo kuliko wanunuzi wa chapa kubwa. Maana yake ni kwamba tofauti ya mkubwa na mdogo haitokani na mapenzi ya kipekee ya wateja wa mkubwa. Mkubwa ana watu wengi zaidi wanaonunua, na wengi wao hununua mara moja moja, wakichanganya na bidhaa za washindani, bila kuwaza sana. Anayetaka kukua hana njia ya kuwakwepa watu hawa. Ni wengi, hawana haraka, hawafuati ukurasa wa kampuni, hawajazi fomu za maoni, na ndio wanaobeba mauzo.

Kuna utafiti ambao huwekwa upande wa pili wa ubishi huu. Mwaka 1990 Frederick Reichheld na Earl Sasser walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba kupunguza upotevu wa wateja kwa asilimia 5 kunaweza kuongeza faida kwa asilimia 25 hadi 85, kutegemea aina ya biashara. Hesabu hiyo imenukuliwa mno, na siipingi. Benki au kampuni ya bima inayopoteza wateja kila mwezi inavuja damu. Ninachopinga ni tafsiri iliyotokea. Kumbakiza mteja kumegeuzwa kuwa kazi ya idara ya masoko: kadi ya pointi, ujumbe wa siku ya kuzaliwa, daraja la fedha na daraja la dhahabu. Mteja wa benki huondoka kwa sababu foleni haisogei, makato hayaelezeki, na simu ya huduma kwa wateja haipokelewi. Pointi haziponyi hilo. Fedha za kumbakiza zinatakiwa ziende kwenye dirisha la huduma, kwa mhudumu mwenye mamlaka ya kurekebisha kosa siku hiyo hiyo, na mimi ningeziandika kama gharama za uendeshaji kabisa ili zisije zikakatwa bajeti ya masoko inapopunguzwa.

Kadi za pointi zenyewe zina historia yake. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili kwa wasafiri mwaka 1981, na mashirika mengine ya ndege yakafuata upesi. Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, ilileta kadi yake mwaka 1995. Anayedhani Tesco ilifaidika kwa kuwa wateja waliipenda kadi hajaangalia vizuri. Kampuni ya uchambuzi ya Edwina Dunn na Clive Humby ilichukua taarifa za manunuzi yaliyopita kwenye kadi ikaieleza Tesco nani hununua nini, wapi na lini. Kutokana na hapo duka likaamua bidhaa za kuweka katika kila tawi na ofa ya kumpelekea kila mtu. Faida ilikuwa kwenye kujua. Duka linaloiga kadi bila kuwa na mtu wa kuzisoma taarifa hizo limejitwisha punguzo la kudumu kwa watu waliokuwa wananunua kwa bei kamili.

Na punguzo ndilo ninalotaka kulikalia zaidi, kwa sababu ndiyo silaha inayotolewa kwanza mauzo yakilegea, na ndiyo inayoacha jeraha refu kuliko nyingine zote.

Punguzo likitumika vizuri humwondolea mtu hofu ya kujaribu asichokijua. Coca-Cola ilianza kugawa kuponi za glasi ya bure mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya kinywaji hicho kubuniwa Atlanta. Kwa makadirio yanayotajwa, kati ya mwaka 1894 na 1913 kuponi zilifikisha glasi milioni 8.5 za bure kwa Wamarekani. Kinywaji hakikuwa na jina, ladha yake haikufanana na kitu, na hakuna maelezo ambayo yangemshawishi mtu kuliko kuonja. Muuza duka hakupoteza, kwani kampuni ilimlipia glasi hiyo, hivyo naye akawa na sababu ya kukiweka dukani. Huo ni ukarimu wenye hesabu: fedha zilimwendea mtu ambaye asingenunua, kwa mara moja, kisha bei ikarudi pale pale.

Sasa linganisha na Hoover. Mwaka 1992 tawi lake la Uingereza, likiwa na mashine nyingi za kufyonza vumbi na za kufulia zilizokwama maghalani, lilitangaza kwamba atakayenunua bidhaa ya kuanzia pauni 100 atapata tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi. Kwanza ilikuwa Ulaya, baadaye hata Marekani. Waliopanga ofa walitegemea watu wachoke na masharti na fomu, wasifike mwisho. Watu hawakuchoka. Tiketi zilikuwa na thamani kubwa kuliko mashine, hivyo watu walinunua mashine wasizozihitaji ili wapate safari. Kampuni ikaelemewa, malalamiko yakafika mahakamani, gharama zikakaribia pauni milioni 50, na viongozi waliohusika wakaondolewa. Mwaka 1995 Maytag, kampuni mama ya Marekani, iliuza biashara hiyo ya Ulaya kwa Candy ya Italia. Wengi husimulia kisa hiki kama hesabu iliyokosewa. Naona kosa lilianza mapema zaidi, pale kampuni ilipobuni ofa ambayo ingefanikiwa tu kama wateja wangeshindwa kuidai. Mkakati unaohitaji mteja ashindwe ni mtego, na mteja akishaugundua hausahau.

Kisa cha JCPenney ni kigumu zaidi, kwa kuwa aliyeshindwa alikuwa anajaribu kusema ukweli. Duka hili la Marekani lilikuwa limezoeza wateja kwa miaka mingi kwamba bei iliyoandikwa ni ya kupandishwa ili ipunguzwe. Kulikuwa na kuponi na mauzo ya punguzo karibu kila siku, na bidhaa chache mno zilinunuliwa kwa bei ya mwanzo. Ron Johnson, aliyekuwa amesimamia maduka ya Apple, akashika uongozi mwishoni mwa 2011. Mwanzoni mwa 2012 akafuta mchezo wote huo: bei zikashushwa moja kwa moja hadi karibu na kile ambacho watu walikuwa wanalipa hasa, kuponi zikaisha. Mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa robo, kutoka dola bilioni 17 na ushei hadi bilioni 13 hivi. Aprili 2013 Johnson akaondolewa na kuponi zikarudi.

Wapo wanaohitimisha kwamba watu wanapenda kudanganywa. Sikubaliani nao. Mnunuzi wa shati hajui shati lina thamani gani. Anahitaji alama ya kumwongoza, na alama aliyopewa na duka lenyewe kwa miaka mingi ni bei ya juu iliyokatwa mstari. Ukimwondolea alama hiyo kwa siku moja bila kumpa nyingine, anabaki hajui kama bei mpya ni nzuri au mbaya, na anakwenda kwa mshindani ambaye bado anatumia lugha aliyoizoea. Johnson hakufanya majaribio katika maduka machache kabla ya kubadili yote, na hilo kwa maoni yangu ndilo lililommaliza. Lakini deni lilikopwa na waliomtangulia, punguzo moja baada ya jingine. Kila ofa ilimfundisha mteja asubiri ofa inayofuata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama atoe punguzo, ninamrudishia maswali: nani atalipata, na litaisha lini? Kama litapatikana kwa kila mtu, wakati wote, basi umeshusha bei, na ni afadhali ukubali hivyo waziwazi upange gharama zako upya. Kama litampata mgeni mara ya kwanza, au litajaza viti ambavyo vingebaki tupu jioni ya siku ya kazi, hapo lina hoja.

Tukitoka kwenye bei, kuna jambo ambalo mijadala ya mitandaoni imelisahau kabisa. Mwaka 1960 E. Jerome McCarthy alipopanga masoko katika mafungu manne, yaani bidhaa, bei, mahali na promosheni, promosheni ilikuwa robo tu ya kazi. Leo mtu akisema anasomea masoko tunadhani anasomea matangazo. Chukua shampuu nchini India. Tangu miaka ya 1980 kampuni zilipoanza kuiuza katika pakiti ndogo za kutumia mara moja, familia ambazo zisingeweza kutoa fedha ya chupa nzima ziliingia sokoni kwa mamilioni, na makampuni makubwa ya kimataifa yakalazimika kuwafuata wazalishaji wadogo wa India waliotangulia. Hakuna kampeni ya matangazo ambayo ingefikia watu hao, kwa kuwa kizuizi hakikuwa kutojua. Kizuizi kilikuwa ukubwa wa chupa. Pakiti hizo zimeacha mlima wa taka za plastiki ambao haurejelezwi kirahisi, na gharama hiyo inalipwa na watu wasiouza shampuu. Hata hivyo somo la masoko liko palepale: kabla ya kuongeza sauti, chunguza kinachomzuia mtu.

Tupperware ilijifunza hivyo hivyo. Vyombo vyake vya plastiki vilidorora madukani kwa sababu mfuniko wake ulihitaji kubanwa kwa namna fulani ili hewa itoke, na mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu hakuwa na wa kumwonyesha. Brownie Wise alikuwa akiviuza vizuri sana kwenye mikusanyiko ya nyumbani, ambako mtu alikishika chombo na kujaribu mwenyewe mbele ya marafiki. Mwaka 1951 kampuni iliviondoa vyombo vyake madukani ikabaki na njia hiyo. Wanaoiga mikusanyiko hiyo kwa bidhaa zisizohitaji maonyesho huambulia uchovu wa marafiki.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nusu ya kwanza inahitaji nyongeza: kizuri hujiuza kikitengenezewa njia ya kupita kutoka mkono hadi mkono. Hotmail ilipoanza mwaka 1996, kila barua pepe iliyotumwa na mtumiaji ilibeba chini yake mstari unaomkaribisha mpokeaji afungue akaunti ya bure. Kutumia huduma na kuitangaza kukawa kitendo kimoja. Microsoft ilipoinunua Disemba 1997, huduma hiyo ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 8. Dropbox nayo ilijaribu kwanza kununua matangazo kwenye utafutaji. Kwa maelezo ya mwanzilishi wake Drew Houston, kumpata mteja mmoja kuligharimu kati ya dola 233 na 388, ilhali huduma yenyewe iliuzwa dola 99 kwa mwaka. Wakaacha. Badala yake wakampa nafasi zaidi ya kuhifadhi mafaili yule anayealika na yule anayealikwa pia. Kutoka watu 100,000 waliojisajili Septemba 2008, wakafika milioni 4 Januari 2010. Zawadi ilikuwa bidhaa yenyewe, haikuwa fedha, hivyo haikuwavuta watu wasioihitaji huduma. Tofauti na tiketi za Hoover haiwezi kuwa wazi zaidi ya hapo.

Kufundisha ni njia nyingine ninayoiamini, ingawa inahitaji subira ambayo wengi hawana. Mwaka 1900 ndugu Michelin, watengenezaji wa matairi nchini Ufaransa, walichapisha kitabu cha mwongozo kwa madereva na kukigawa bure: ramani, namna ya kubadili tairi, mahali pa mafundi, petroli na malazi. Walichapisha nakala karibu 35,000 wakati nchi nzima ilikuwa na magari yasiyozidi elfu chache. Hesabu yao ilikuwa kwamba mtu akijua pa kwenda ataendesha zaidi, na akiendesha zaidi matairi yatakwisha. Nyota za migahawa, ambazo ndizo zinazojulikana leo, zilikuja mwaka 1926. Ukisoma maudhui mengi yanayotolewa na makampuni mitandaoni siku hizi utaona yamegeuza jambo hili kichwa chini. Yanaandikwa ili yaonekane na mtambo wa utafutaji, yanasema kile ambacho mengine elfu yamesema, na anayeyasoma haondoki na uwezo wowote mpya. Mwongozo wa Michelin ungekuwa na faida hata kwa mtu aliyetumia matairi ya mshindani, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia.

Washawishi wa mitandao ya kijamii sitawaongelea sana. Kanuni ni ile ile: mshawishi anayezungumza na watu ambao hawajakusikia, kuhusu jambo analolijua kweli, na anayesema wazi kwamba amelipwa, anaweza kuwa na thamani kubwa. Hatari iko kwingine. Tamasha la Fyre, lililopangwa kufanyika Bahamas mwaka 2017, lilinadiwa na wanamitindo na watu maarufu kwenye Instagram kwa ufanisi mkubwa. Wageni wakafika kisiwani wakakuta mahema ya dharura na karibu hakuna huduma yoyote. Mwandaaji Billy McFarland alihukumiwa kifungo cha miaka 6 mwaka 2018 kwa udanganyifu. Uwezo wa kuvuta watu ulikuwepo kuliko uwezo wa kuwahudumia, na kadiri kampeni ilivyokuwa nzuri ndivyo idadi ya waliodhulumiwa ilivyoongezeka.

Kwa muongo mmoja uliopita tuliambiwa kwamba matatizo haya yote yatatatuliwa na ulengaji: mtandao unamjua kila mtu, basi tangazo litamfikia anayefaa tu, wengine tusipoteze fedha kwao. Aprili 2021 Apple iliwapa watumiaji wa simu zake uwezo wa kukataa kufuatiliwa na programu, na wengi wakakataa. Meta, kampuni mama ya Facebook, ikakadiria kwamba badiliko hilo litaipunguzia mapato kwa dola bilioni 10 hivi mwaka 2022. Nilifurahi, na sababu yangu haihusu faragha peke yake. Ulengaji mkali humtafuta mtu aliyekwisha kuonyesha nia, yaani yule yule ambaye pengine angekuja. Adidas ilikiri mwaka 2019 kwamba ilikuwa ikitumia asilimia 77 ya fedha kwenye matangazo ya kutafuta mauzo ya papo hapo na 23 tu kwenye kujenga jina, ilhali uchambuzi wake ulionyesha kuwa kazi ya kujenga jina ndiyo iliyosukuma asilimia 65 ya mauzo. Les Binet na Peter Field, wachambuzi wa matangazo wa Uingereza, baada ya kuchambua kampeni nyingi, walipendekeza mwaka 2013 bajeti igawanywe takriban asilimia 60 kwa jina na 40 kwa mauzo ya haraka. Ni wastani, si sheria. Biashara changa na biashara kongwe haziwezi kugawana namba moja.

Swali la nani anayepima nalo ni zito. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani uliotiwa chumvi wa muda ambao watu hutazama video, kwa kuwa haikuwahesabu waliotazama chini ya sekunde 3. Hata pale ambapo hakuna kosa, anayekuuzia tangazo ndiye anayekuandikia ripoti ya matokeo, na wakala anayelipwa asilimia ya matumizi hana sababu ya kukushauri utumie kidogo. Sisemi kwamba ni waovu. Nasema wameajiriwa kujibu swali tofauti na lako.

Kupima mwenyewe hakuhitaji wachumi watatu. Mwenye matawi kadhaa aendeshe kampeni katika nusu ya matawi hayo tu, akiyachagua kwa kura, kisha alinganishe mabadiliko ya mauzo ya pande zote mbili. Mwenye orodha ya namba za wateja asiwapelekee ofa wote. Mmoja katika kila kumi aachwe bila kuambiwa chochote, na mwezi ukiisha ahesabu ni wangapi katika hao walioachwa walinunua wenyewe. Mwenye duka moja azime tangazo kwa wiki mbili zisizo na sikukuu wala mshahara katikati, na amuulize kila mgeni alilisikia wapi jina la duka, akijua kwamba majibu hayo yatakuwa na makosa lakini yatakuwa na makosa yale yale wiki zote. Idadi ya wageni iandikwe peke yake, mbali na idadi ya mauzo, kwa sababu mauzo yanaweza kupanda mwezi mzima kwa mikono ya wateja wa zamani tu. Na matokeo yawe mezani kabla bajeti ya msimu unaofuata haijapitishwa, yakiwa yameandikwa na mtu ambaye malipo yake hayategemei ukubwa wa bajeti hiyo.